Sahani ya Mlangoni

Watu wakija ofisini kwangu kulalamika, kwanza huwaacha wapige kelele. Mwenye kelele nyingi mara nyingi ana neno dogo. Akishachoka nalipata, nalishughulikia, naenda zangu nyumbani. Khaemba hakupiga kelele. Alikuja asubuhi moja ya mwaka themanini na nne, ule mwaka wa ukame na unga wa njano, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake, akakataa hata kiti.

"Madam, mama yangu anakufa njaa pale Satellite," alisema. "Na chakula iko."

"Iko, halafu anakufa njaa?"

"Hapo ndipo sielewi. Jumapili nikienda na bibi yangu, mama anakula mpaka mikono inatetemeka. Nikirudi Jumapili ingine, amepungua tena. Nikimuuliza, ananiambia ninyamaze."

Mimi naitwa Nthenya Muli. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na kamati ya makanisa machache yaliyoendesha Nyumba ya Simeoni, makao ya wazee kule Riruta Satellite, karibu na Kawangware. Kazi yangu ilikuwa kuwa jicho la kamati: kupokea malalamiko, kwenda kuangalia, kurudi kusema ukweli. Nilimwambia Khaemba nitaenda, lakini moyoni sikumwamini sana. Mwaka ule kila mtu Nairobi alikuwa na ugomvi na ugali. Unga mweupe ulipotea madukani, na ule wa njano ulioletwa na meli watu waliusema vibaya, eti unanuka, eti kwao huko ni wa ng'ombe. Nikadhani mama wa watu anadeka tu.

Matroni wa Nyumba ya Simeoni alikuwa Mama Nanyama, mwanamke mrefu kutoka Bungoma, mwenye sauti ya chini na sare nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Nilikuwa nampenda. Nyumba yake ilinukia sabuni, sakafu yake ilimetameta, na hakuwa mtu wa kukuomba omba vitu. Siku hiyo alinipitisha ukumbini ambako wazee walikuwa wakila ugali wa njano na sukuma wiki. Nikawauliza wanaendeleaje. Kila mmoja alimtazama matroni kwanza, halafu akaniambia, "Tunashukuru." Jambo hilo lilinikwaruza kidogo, lakini nililiacha lipite.

Nasambu, mama yake Khaemba, alikuwa kwenye chumba cha mwisho kabisa cha baraza, peke yake. Alikuja mjini mwaka uliotangulia kumtembelea mwanawe, akateleza kwenye mtaro wa Gatwekera, mtaa anaoishi mwanawe, akavunjika nyonga. Tangu hapo hakutembea tena.

"Nimempa chumba chake mwenyewe, kwa heshima ya umri," Mama Nanyama alisema, akafungua mlango.

Karibu nigonge sahani kwa mguu. Ilikuwa sakafuni, kando ya mwimo wa mlango, imejaa. Ugali ulikuwa umekauka ukapasuka juu kama matope yaliyopigwa na jua.

"Unaona mwenyewe, Madam? Tunamletea. Hali. Sasa mimi nimpanue mdomo kwa nguvu?"

"Mbona iko mbali hivi na kitanda, na mtu hawezi kutembea?"

"Mhudumu ameitoa kitandani baada ya yeye kukataa," alijibu, bila hata kumeza mate.

Nilikaa kitandani nikaushika mkono wa Nasambu. Ulikuwa mfupa na ngozi. Midomo ilikuwa imepasuka, na macho yalikuwa makubwa kuliko uso. Nilishtuka, nasema kweli. Nilikuwa nimetarajia bibi mwenye vituko, nikakuta mtu anayeondoka.

"Mama, mbona huli?"

"Sina hamu, mwanangu. Hapa ni pazuri."

"Ni huu unga wa njano?"

Alilidaka neno hilo haraka mno. "Eeh. Ni unga. Sema ni unga."

Tulipotoka barazani, matroni alikunja mikono kifuani. "Kanuni ya nyumba unaijua, Madam. Familia ikileta mashtaka ya uongo, inachukua mtu wake. Wanaongojea kitanda ni wengi. Ijumaa kamati ikikaa, nitaomba Khaemba amtoe mama yake hapa."

"Utakuja kamatini kusema mwenyewe?"

"Nina wagonjwa. Nitatuma mtu."

Hilo halikunishangaza. Tangu awe matroni, Mama Nanyama hakuwahi kukanyaga kamatini. Siku zote alimtuma mpishi wake, Muthoni, na ujumbe. Sisi tulisema ni maringo, tukamzoea.

Nilishuka hadi Gatwekera kumwambia Khaemba yanayomngoja. Karakana yake ilikuwa mbele ya chumba chake, kijitanda kisicho na miguu kimelazwa kwenye vumbi la randa. Aliniingiza ndani. Chumba kilikuwa kimoja tu, udongo na mabati: kitanda, pazia, jiko, meza ya miguu mitatu, na mke wake Sella akinyonyesha.

"Kamati ikiamua hivyo, mama ataletwa hapa," nilimwambia.

Alicheka kicheko kibaya. "Hapa wapi? Madam, wewe si mtoto. Mama alale chumba moja na mimi na bibi yangu? Hata mvua iwe ya mawe, atatoka nje akae kwa mtaro. Kwetu hiyo haifanyiki. Kama ningekuwa hata na kamlango kengine hapa kando ningemweka, hiyo ingekuwa nyumba yake. Landlord nimemuuliza, amekataa."

Sikubishana naye. Hata kwetu Ukambani, mzazi halali pale mwanawe wa kiume analala na mke. Nilielewa kwamba ni heshima hiyo hiyo iliyompeleka Nasambu kwenye makao ya wazee, si kwamba mwanawe alimtupa kama walivyosema majirani.

"Kuna mtu wenu pale ndani anayeweza kutuambia kitu?" nilimuuliza.

Sella ndiye aliyejibu. "Wepukhulu yuko pale. Ameoa mtoto wa dada yake mama. Anafanya shamba ya mboga. Yeye ndiye alituambia kuna nafasi."

"Na siku hizi akiniona kwa njia anageuka anarudi," Khaemba akaongeza. "Hata sijui nilimkosea nini."

Siku mbili baadaye nilirudi Satellite saa ya chakula, bila taarifa, nikapitia uani hadi jikoni. Muthoni alikuwa akisonga ugali kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Aliponiona alichungulia dirishani kwanza.

"Matroni yuko mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Ni vizuri umekuja. Huyo cucu, huyo nyanya wa chumba ya mwisho, si mgonjwa wa tumbo. Matroni akienda market, mimi naingia na uji. Anakunywa anamaliza. Mimi nikipeleka anakula. Huyo mwingine akipeleka, hagusi."

"Huyo mwingine ni nani?"

Alionyesha kwa kidevu. Barazani alikuwa akipita mwanamume mwenye gambuti za shambani, sahani mkononi, kichwa kimeinama.

Nilimfuata kwa mbali. Alipofika kwenye chumba cha mwisho alisimama, akakohoa. Akangoja. Kisha akasukuma mlango kwa kiwiko, akageuza uso ukutani, akaingia kwa ubavu, akaiweka sahani pale pale kwenye mwimo, akatoka upesi kama mtu aliyeguswa na moto. Ndani, Nasambu alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, na blanketi lilikuwa linatetemeka.

Nikamkumbuka mama yangu mzazi kule Machakos. Siku moja tulikuwa tunatoka kuni, akamwona mume wa dada yangu akija kwa mbali. Alitupa mzigo chini akaingia kichakani, miiba na yote, hadi mkwe wake alipopita. Hakuna aliyemcheka. Ndivyo ilivyokuwa: mwanamke na mume wa binti yake hawatazamani, hawali pamoja, na kitanda cha mmoja mwingine hakioni kabisa. Na binti wa dada yako ni binti yako.

Damu ilinipanda. Nilishika nguzo ya baraza kwa sababu mikono yangu ilikuwa inataka kumshika mtu.

Wepukhulu nilimkuta nyuma, katikati ya matuta ya sukuma, amechuchumaa bila kufanya kitu.

"Yule ni mkwe wako," nilisema.

Hakuinua kichwa. "Mama mkwe kabisa, Madam."

"Na unampelekea chakula kitandani."

"Sifiki kwa kitanda! Mungu anajua sijawahi kufika kwa kitanda." Sasa alikuwa analia, mtu mzima yule, na alijipangusa kwa mkono wenye udongo. "Nilimwambia matroni anipe kazi ingine, hata ya choo. Akasema hapa ni kazi, si kijijini, nikikataa gate iko wazi."

"Alianza lini?"

"Kuna siku wake za wachungaji walikuja kutembea. Mama akawaambia wazee wanafungiwa vyumbani jua likiwa juu, na wanaoshwa na maji baridi. Kesho yake matroni akanitoa kwa shamba, akamweka mama kwa hicho chumba pekee yake, akasema ni mimi nitamhudumia. Mimi tu."

Mtu akimpiga mzee kuna alama. Akimnyima chakula, sahani itakuwa tupu. Hii adhabu haikuwa na alama, na sahani ilikuwa imejaa kila siku, kila mtu aone.

"Utasema hayo Ijumaa mbele ya kamati?"

Aling'oa gugu moja kwenye tuta. "Nisimame mbele ya watu niseme naingia kwa chumba ya mama mkwe? Na nikifukuzwa, watoto wale nini? Mwaka huu?"

Nilirudi kwa Nasambu. Nilimpa maji kwa mkono wangu, akanywa kikombe, akaomba kingine. Nilimwambia ninajua. Alifumba macho.

"Mficha uchi hazai, mama. Sema, nikusaidie."

"Nikisema, nani atafukuzwa, mwanangu? Si yule mkubwa. Ni yule mdogo. Ana watoto wanne wa binti yangu." Alinishika kidole. "Sema ni unga. Mimi nimeshakula miaka yangu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa matroni, na sikubisha hodi. Nilimwambia yote. Alinisikiliza kwa utulivu, akanyoosha kitambaa cha meza.

"Sikujua," alisema. "Hapa nina Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Nitajuaje nani kaoa kwa nani? Na hata ningejua, hii ni nyumba ya kanisa. Mambo ya mkwe sijui nini tuliyaacha kijijini. Kama una shahidi, mlete Ijumaa."

Alijua sina. Wote wawili walikuwa wamefungwa midomo, kila mmoja akimlinda mwingine, na yeye ndiye aliyewafunga.

Muthoni alinisindikiza hadi langoni akijifanya anamwaga maganda. Nilimwambia jibu la matroni. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Ati ameacha kijijini? Madam, unajua kwa nini hajawahi kuja kamati yenu? Si huyo karani wenu, Wakoli, ndiye ameoa msichana yake! Siku moja Wakoli alileta barua hapa. Matroni aliposikia sauti yake alikimbia akaingia stoo ya makaa. Alitoka mweusi kama sufuria."

Nilicheka naye. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikuwa nimeshaona nitakachofanya.

Mchungaji Jeconia Ouma, mwenyekiti wetu, alikubali kamati ikae Nyumba ya Simeoni yenyewe, ukumbini, na matroni ajitetee kwa mdomo wake. Matroni naye alikubali, ila akatuma neno kwamba karani aachwe ofisini, hakuna mengi ya kuandika. Mchungaji aliona ni sawa. Mimi nikaenda kwa Wakoli. Alikuwa kijana mpole, suruali yake ya kazi daima ina mstari. Nikamwambia wahudumu ni wachache siku hiyo, mwenyekiti anaomba atusaidie kubeba chakula cha wageni kutoka jiko la nje.

"Mama hatakuwa hapo?" aliuliza, macho chini.

"Mama atakuwa ameenda sokoni," nikasema.

Nilidanganya, na nilidanganya kwa furaha. Usiku sikuchelewa kulala hata kidogo.

Ijumaa tulikaa watu sita kuizunguka meza ya ukumbi. Khaemba na Sella walimleta Nasambu kwenye kiti cha mbao, wamekibeba huku na huku, wakakiweka karibu na dirisha. Mchungaji Jeconia alipomwona alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena. Wepukhulu alisimama nje ya dirisha, upande ambao Nasambu hangeweza kumwona. Mama Nanyama alikaa wima, sare inang'aa.

Alisema vizuri. Alieleza mwaka mgumu, gunia la unga linavyotafutwa, wazee wanavyosusa. Alieleza sahani zinazopelekwa kila siku, na kwamba hata mimi nimeziona zimejaa. Wajumbe walikuwa wanatikisa kichwa kumkubalia.

"Nilimwambia Madam alete shahidi," alimaliza. "Nangoja."

Mchungaji alimwita Wepukhulu dirishani. "Una neno, kijana?"

"Sina, Mchungaji."

Khaemba aliruka. "Wewe! Huyu ni mama yako pia! Sema!"

"Kaa chini, Khaemba," Mchungaji alisema. Akamgeukia Nasambu, akalainisha sauti. "Mama, kwa nini huli?"

Nasambu alitazama mapaja yake. "Ni unga," alisema. "Huu wa njano. Umenishinda."

Khaemba akaweka uso mikononi. Niliwaona wajumbe wakiegemea viti vyao kama watu waliomaliza kazi. Mchungaji alishusha pumzi.

"Basi, Khaemba, kanisa limejaribu. Itabidi utafute mahali pa kumweka mama, ifikapo..."

"Mwenyekiti," nilisema, nikasimama. "Kabla hujafunga. Matroni ale chakula hicho hicho, hapa mbele yetu, kiletwe kwake kama kinavyoletwa kwa mama. Akimaliza, mimi nitaomba msamaha."

Mama Nanyama alitabasamu. "Kileteni. Nitakula na cha kesho."

Nilienda nikasimama kwenye mlango wa jiko la ndani, njia pekee ya kutokea zaidi ya ile ya mbele. "Leta chakula!" niliita.

Nje, kwenye baraza la mbele, hatua zilikaribia. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha adabu, kama anavyokohoa mtu anayebisha mahali pa wakubwa.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Tabasamu lilikaa pale pale mdomoni, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu tena. Alisimama, kiti kikaanguka. Akatazama mlango wa mbele, akatazama dirisha, akanijia mimi. Nilikuwa nimeuziba mlango wa jikoni kwa mwili wangu wote, na Mungu hakunipa mwili mdogo.

"Nipishe," alinong'ona.

"Si uliacha kijijini?"

"Nthenya, tafadhali. Nipishe." Alikuwa ameivua leso yake ya mabegani, anaivuta kichwani, vidole havishiki. Kitasa cha mlango wa mbele kilianza kuzunguka. Nami nilikuwa nafurahi. Lazima niseme hivyo, nilikuwa nafurahi.

"Mwache apite!"

Sauti ilitoka dirishani, na sikuijua. Nilikuwa nimemzoea Nasambu wa kunong'ona. Alikuwa ameshika mikono ya kiti, shingo imesimama mishipa; kikohozi kile na leso ile iliyovutwa kichwani alivielewa mara moja.

"Wewe nje, usiingie! Rudi na hicho chakula!" alipaza sauti kuelekea mlango wa mbele, na kitasa kikatulia. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, toka hapo mlangoni. Mwanamke halishwi na mkwe wake. Usimfanyie mtu hivyo. Usimfanyie hata huyu."

Nilitoka mlangoni. Miguu ilitoka yenyewe. Mama Nanyama alipita mbio, mlango wa jikoni ukagongwa nyuma yake.

Huko ndani sufuria ilikuwa inatokota. Mchungaji Jeconia aliinuka polepole. Yeye ni mtu wa ziwani, na huko pia mkwe ni mkwe. Alimtazama Nasambu, akamtazama Wepukhulu aliyekuwa dirishani ameshika kichwa, na niliona jambo lote likimfika.

"Mama," alisema, "ni mkwe wako anayekuletea chakula?"

Machozi yalimtoka Nasambu, na hakuyafuta.

"Tangu lini?"

"Msimfukuze," alisema. "Ana watoto. Hajawahi kuniangalia. Anakohoa kwanza, kila siku anakohoa kwanza, halafu anageukia ukuta. Ni mtoto mwenye adabu. Msimfukuze."

Mchungaji alikwenda kwenye mlango wa jikoni akasema nao ukiwa umefungwa. "Mama Nanyama. Ulijua?"

Kisha sauti ilitoka, si ile ya chini tuliyoizoea. "Alinisema mbele ya wageni. Katika nyumba yangu. Nilitaka anyamaze tu. Sikutaka afe."

Nje nilimkuta Wakoli bado amesimama barazani na sahani yake, uso kaelekeza bustanini. "Madam," aliniambia, "ulisema mama hayuko." Nilimpokea sahani.

Mama Nanyama aliondoka kabla mwezi haujaisha. Wazee wa Nyumba ya Simeoni wakaanza kukaa barazani hadi jua linazama, na Wepukhulu akarudishiwa matuta yake ya sukuma. Lakini Nasambu hakutaka tena kulala katika chumba kile, wala chumba chochote cha nyumba ile. Mchungaji na mimi tulikwenda Gatwekera kuzungumza na landlord. Mchungaji alizungumza, mimi nilimkazia macho tu. Alikubali. Khaemba aliegemeza mabati ubavuni mwa chumba chake, akaweka kitanda alichokiranda mwenyewe, na mlango mdogo unaotazama upande mwingine. Mlango huo ulikuwa wa mbao nzuri kuliko kitu chochote ndani ya plot ile.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja alasiri. Mikono ilikuwa imeanza kurudi kuwa mikono. Sella alikuwa amemletea chakula, na alikuwa ndio kwanza ameanza kula, nami nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukizungumza habari za mvua. Nje, mbali kidogo, mtu akakohoa.

Nasambu aliacha kutafuna. Alivuta leso hadi kwenye paji la uso, akageukia ukuta. Hakutetemeka. Sella alitoka, akakaa kidogo, akarudi na pakiti ya unga mweupe, ule ambao watu walikuwa wakiupangia foleni mjini wakarudi mikono mitupu.

"Ameuacha juu ya jiwe, mama. Anasema ni yako."

"Ameenda?"

"Amekata kona."

Nasambu aliirudisha leso mabegani. Aliigusa pakiti kwa kiganja, akaisukuma pembeni. "Wekeni. Wakija wageni, watapikiwa huo," alisema. Kisha akaivuta sahani yake karibu, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Aliendelea kula hadi sahani ikabaki nyeupe, na ugali aliokuwa anakula ulikuwa wa njano.